Fundi Anayegonga Nguzo

Msafiri alishuka tu kubadilisha basi, akavutwa na umati hadi jengo la bunge. Sasa alikuwa amebanwa kwenye benchi la ukumbi wa kusubiri, bega kwa bega na fundi wa nguzo za umeme. Fundi hakutulia. Aligonga benchi kwa kifundo cha kidole, akatega sikio. Akagonga meza, akatega tena. Ndivyo anavyopima nguzo: nzima hulia, iliyooza haiitiki. “Huyu hata jeneza lake ataligonga kwanza ndipo alale,” dada yake alimwambia msafiri. Nyumba ya dada iliteketea na mtaa mzima, siku nguzo ilipoangukia nyasi kavu. Nyuma ya mlango, kamati ilikuwa ikijadili mswada wa kuilazimisha kampuni ya umeme iwalipe waliounguliwa, ikiwa ilijua ubovu ikanyamaza. Kampuni ilikuwa imeapa kwamba haikujua.

Fundi akafumbua kiganja chake chenye sugu. Alikuwa ameshika kibati cha shaba, cheusi kwa moshi. Kila nguzo mbovu aliyoiripoti kwa kampuni aliipigilia kibati chenye tarehe, na wenzake walimcheka miaka yote. Hiki alikiokota kwenye majivu ya nguzo ile iliyoanguka, na tarehe yake ilitangulia moto kwa miezi saba.

“Watakufukuza kazi, kaka,” dada alisema.

“Basi nitapata nafasi ya kukujengea.”

Karani akamwita. Msafiri aligeuka kana kwamba ameitwa yeye. Fundi akaugonga mlango, akasikiliza, akasema, “Huu mzima,” akaingia. Nje basi la msafiri lilipiga honi mara tatu. Hakuinuka.