Mpira Ulipohamia Uani

Mtu anawezaje kujivunia kitu ambacho hajapata kukiona? Swali hilo lilinijia kila nilipomsikia mama akizungumza juu ya mpira wa kaka. Nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, umri wa kutaka kila jambo lijieleze kwanza ndipo nilikubali, na hili la mama lilinishinda.

Kaka alikuwa beki wa timu moja ya Dar es Salaam. Mama ndiye aliyezifua jezi zake tangu akichezea timu ya shule. Alijua doa la damu linataka maji baridi na chumvi, na tope la kiwanja kipi halitoki hata ulisugue vipi. Kwa kutazama soksi tu aliweza kukuambia kwamba siku hiyo kaka aliangukia upande wa kulia, maana huko ndiko alikozoea kuteleza. Lakini kiwanjani hakupata kufika. Wanawake wa mtaa wetu, katika mji mkongwe wa Bagamoyo, hawakwenda mpirani. Nilimuuliza nani amewakataza, akanijibu kwamba hakuna, na kwamba yapo mambo yasiyohitaji mtu wa kuyakataza.

"Basi umejuaje kwamba anacheza vizuri?" nilimuuliza siku moja.

"Kwani wewe huko chuoni nimekuona ukisoma?"

Sikuridhika.

Wakati huo nilikuwa nikirudi nyumbani kwa basi la Ijumaa na kuondoka Jumapili. Mwisho wa juma kwetu ulikuwa na sauti zake: nyundo ya baba, redio ya baba, na mama akimwambia baba kwamba nyundo na redio haviwezi kusikilizwa pamoja. Siku za kazi baba alikuwa karani wa ofisi ya serikali. Zamani, kabla sijazaliwa, alifanya kazi chini kwenye injini za meli za mwambao, na kule alitoka na imani kwamba mtu aliyeifikisha meli bandarini kwa msaada wa tambara na kipande cha waya hana haja ya kumwita fundi nyumbani kwake. Nyumba yetu ilikuwa ushahidi. Mlango wa msalani ulifunguka ukiunyanyua kidogo, mgeni asiyejua akakaa humo akibisha kwa ndani. Bomba la uani lilifungwa kwa koleo, na koleo lenyewe lilining'inia hapo kwa kamba ili lisipotee.

Kazi zake nyingine, lakini, zilikuwa nzuri kuliko za dukani, na hizo hakuzitaja kamwe; alisubiri uziseme wewe. Jiko la kuchomea samaki alilitengeneza kwa pipa alilolipasua katikati, na wavu wake akausuka kwa spoki za baiskeli, moja moja, kwa Jumamosi kadhaa. Juu ya wavu huo mama alichoma changu waliokatwa mbavuni, akiwapaka tui zito lenye ukwaju na pilipili kwa bua la mchaichai lililopondwa ncha. Harufu ile ilifika barabarani, na watu walikumbuka ghafla kwamba walikuwa na neno la kumwambia baba.

Televisheni ililetwa na baba mdogo, aliyekuwa baharia. Bara hatukuwa na matangazo ya televisheni. Unguja walikuwa nayo, na sisi tulio ng'ambo tu ya maji tulikuwa tukisikia kwamba ukisimamisha antena ndefu ya kutosha, picha zao zinavuka. Baba mdogo alileta kijitelevisheni cha picha nyeusi na nyeupe, kinachoweza kutumia betri ya gari, pamoja na bunda la waya bapa wa antena. Kikakaa kabatini miezi mingi. Fundi baba hakumtaka, na mwenyewe alikuwa bado hajapata wasaa.

Kisha Jumapili moja redio ya Unguja ikatangaza kwamba Jumamosi itakayofuata timu ya kaka itavuka kwenda kucheza huko, na kwamba mechi itaonyeshwa. Mama alikuwa kwenye mbuzi anakuna nazi. Aliendelea kukuna mpaka nyama ya nazi ikaisha, mbuzi ikaanza kukwaruza kifuu. Baba alikuwa amesimama kizingitini na msumeno mkononi, na naye aliisikia sauti ile ya chuma juu ya kifuu.

Ijumaa nilipofika nilimkuta baba anapiga tupa vibomba vya alumini. Vilikuwa vya kitanda chetu cha kukunja, ambacho hakikuwa tena kitanda. Nikamuuliza televisheni ataiweka wapi. Sebuleni, alisema. Amekwisha waalika watu: jirani yetu mwenye duka, Mhindi mpenda mpira kupita wote mtaani, ambaye angeazima betri ya pikapu yake, na mzee mmoja rafiki yake wa melini, aliyefuatana na kila mwenye redio nzuri.

"Na mama?"

"Mama'ako atakuwa anachoma samaki wa wageni."

Jibu hilo lilinichoma mimi kabla ya samaki. Nikamwambia yote niliyokuwa nayo kichwani juu ya kazi ya mwanamke na starehe ya mwanamume, kwa maneno ambayo bado yalikuwa na chaki ya darasani. Nikamwambia kwamba mama amemfulia kaka jezi maisha yake yote, na siku ya kumwona itakapofika atakuwa nyuma ya ukuta akisikia wanaume wakipiga makofi. Baba alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniomba nimshikie ncha ya pili ya kibomba, kinacheza.

Nilikwenda kwa mama kumwambia aje tu sebuleni, akae. Alinicheka. Akakae wapi, alitaka kujua, katikati ya wanaume wa watu, mikono mitupu, kama bibi harusi?

Jumamosi asubuhi baba alisimamisha bomba refu la maji kwenye ukuta wa jiko, uani, na juu yake akafunga ile mifupa ya kitanda, sasa antena. Wageni walianza kufika baada ya swala ya alasiri. Jirani alikuja amekumbatia betri kama mtoto mchanga, anamwambia kila aliyempisha njiani kwamba ina maji makali, asimguse. Walipokwisha kuketi sebuleni na kuvua viatu, baba aliingia akijifuta mikono, uso mkavu kabisa, akasema samahani sana, waya haukufika. Umeishia mlango wa uani. Itabidi waungwana wahamie huko.

Wakatazamana. Uani kwa watu wazima wa mji ule ni kwa wanawake. Mwanamume wa nje anapiga hodi, na hapiti mpaka ajibiwe. Mzee wa melini ndiye aliyesema.

"Bwana wee, tangu lini tunaketi na masufuria?"

"Basi ukae hapa usikilize," baba akamwambia. "Nitakuachia mlango wazi."

Mama alikuwa mbele ya jiko la pipa, samaki wa kwanza tayari wapo juu ya wavu. Aliona msafara unakuja, mikeka kwapani, betri mbele. Akavuta kanga kichwani vizuri. Nilidhani atakimbilia ndani, nami nilikuwa tayari nimejiandaa kubishana naye. Hakuondoka. Angeondokaje, samaki wako motoni?

"Karibu, shemeji," alimwambia mzee. "Moshi ukikufuata, sogea wewe. Mimi hapa sisogei."

"Nimekwisha, shemeji," mzee akasema, akatandika mkeka wake mbali na moshi, na moshi ukamfuata.

Mama akanituma mkaa. Stoo yetu ilikuwa na giza, nikapapasa nyuma ya gunia, na mkono wangu ukagusa kitu laini kilichoviringishwa. Nilikitoa mlangoni nikitazame. Ulikuwa waya bapa wa antena, bunda zima la kutosha kufika sebuleni na kurudi, na ncha yake imekatwa upya, shaba bado inang'aa.

Baba alikuwa juu ya ngazi ameshika bomba. Nilipanda vidato viwili ili wengine wasisikie, nikamwonyesha ule waya.

"Nilikutuma mkaa au upekuzi?" alisema.

"Mama ndiye aliyenituma. Huu ni nini?"

Alitazama chini, alikokuwa mama, mgongo wake ukiwa kwetu.

"Nikimwita sebuleni hatakuja, unamjua. Lakini wageni nikimpelekea uani, atakwenda wapi?" Kisha akaongeza, "Rudisha hicho kitu ulikokitoa. Na mkaa usisahau."

Nilishuka na mkaa. Hotuba yangu ya jana bado ilikuwa kweli, sikuifuta hata neno. Lakini nilikuwa na baba aliyekata waya wake mwenyewe, mtu ambaye hata msumari uliopinda aliunyoosha na kuuweka akiba, na nilitembea na karai la mkaa kama mtu aliyebeba zawadi.

Televisheni iliwashwa. Zikaja chenga tupu, vidoa vyeupe na vyeusi vinavyochemka, na sauti kama ya kukaanga. Baba akaanza kuzungusha bomba taratibu.

"Vipi?"

"Bado."

"Sasa?"

"Bado, bwana. Umeipita, rudi. Rudi tena. Si hivyo, umerudi mno."

Jirani alitoa amri kama nahodha, mzee akazipinga zote, na mama hakugeuka hata mara moja. Aliwapaka samaki tui juu ya tui walilokwisha kupakwa. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kama picha isingekuja, hasara isingekuwa ya wageni.

Kisha chenga zikajipanga, zikawa nyasi. Juu ya nyasi vivuli vikakimbia. Hakuna aliyeweza kusema nani ni nani. Jezi zote zilikuwa kijivu, na uso wa mtu ulikuwa mdogo kuliko punje ya mchele. Mama akageuka, bua la mchaichai mkononi, tui likimdondokea kwenye kidole cha mguu.

"Yule pale," alisema. "Anayevuta kaptula."

"Shemeji, wote wanavuta kaptula," mzee akasema.

"Yule."

Mtangazaji akalitaja jina la kaka, na kivuli kile kile kikauchukua mpira. Mzee akatikisa kichwa, akamwambia mama basi awaambie na mpira wenyewe utakwenda wapi, ili wawahi kula.

Tangu hapo mama aliangalia amesimama. Ilipokaribia mapumziko, mshambuliaji wa Unguja aliwapita watu wawili, akabaki na kaka peke yake. Kaka alirudi nyuma, akarudi tena, na nilikuwa na hakika amechelewa. Kisha akateleza, akautoa mpira bila kumgusa mtu, vumbi likamfunika. Wanaume waliruka, jirani akakanyaga waya, picha ikapotea, ikarudi. Kaka alikuwa anainuka polepole.

"Soksi ya kulia," mama alisema, kwa sauti ya chini, kama anayesoma kitu alichokwisha kukiandika. Alikuwa anatabasamu na machozi yanamtoka, na hakuna aliyeusingizia moshi.

Upande mmoja wa samaki uliungua. Mama yangu, ambaye hakuwahi kumtolea mgeni samaki aliyeungua, aliwatolea hivyo hivyo, na mzee wa melini alikula hadi mifupa, akasema makaa ni dawa ya tumbo.

Kipindi cha pili betri ilianza kuchoka. Picha ikanywea, ikawa kama sahani, ikawa kama kisosi, ikazima. Matokeo tuliyapata kwa redio: hakuna aliyefunga. Kwa beki, hiyo ni sifa tosha. Mama hakusubiri kuelezwa. Aliwaeleza wao, jirani na mzee na baba aliyekuwa ndiyo kwanza anashuka ngazi, jinsi kaka alivyorudi nyuma makusudi ili yule mwingine adhani njia iko wazi. Aliyasema hayo uani kwake, kichwa juu, mbele ya wanaume wanaojua mpira, na wanaume wakamsikiliza. Nami nilisimama karibu yake nikiwa sina swali hata moja, jambo lililokuwa geni kwangu.

Waya haukurefushwa. Baba alijenga kibanda cha bati karibu na jiko, televisheni ikakaa humo, na kuanzia hapo waliotaka kuona mpira walipiga hodi uani na kungoja mama aitikie.

Miaka mingi baadaye, baba akiwa amekwisha kutangulia mbele ya haki, kaka aliniambia kwamba wiki ile kifundo chake cha mguu kilikuwa kimevimba na kocha alikwisha kumweka benchi. Alhamisi, wakiwa kambini Unguja, alifuatwa na mtu aliyevuka na shehena ya chumvi kutoka kwetu, ana salamu za baba: mama'ako atakuangalia Jumamosi. Kaka akaufunga mguu kwa bendeji, akaenda kumwomba kocha acheze. Alhamisi ile baba alikuwa bado hajapata picha yoyote, wala hajui kama itapatikana.