Kulwa na Moto wa Zizini

Kulwa ni mkimya kuliko jirani yeyote niliyewahi kukaa naye, na ukimya wake umenitia hasira miaka mingi. Yeye na mumewe walihamia huku Usangu na ng'ombe wao kutoka Shinyanga, wakajenga ng'ambo ya mfereji wa mpunga, mbele kidogo ya Chimala. Mimi Msangu, yeye Msukuma, lakini tumeshakula ukoko wa sufuria moja.

Mwanawe Gideoni ana pumu. Hospitali walimpa Kulwa pampu mbili: moja ya kila siku, mtoto awe mgonjwa au mzima, kifua kisije kikabana, nyingine ya kumpulizia kikishabana. Wakamwonyesha kutoboa chupa ya maji na kuchomeka pampu humo, ili dawa ifike kifuani isiishie mdomoni. Na moshi, wakamwambia, aukimbie. Kulwa akashika yote. Jiko akalihamishia mbali uani, blanketi la mtoto akawa analianika kila jua likitoka. Ikapita miezi Gideoni hakohoi.

Hapo wanaume wakaingilia. Mumewe, Justine, alipoona mtoto anakimbizana na ndama, aliificha ile pampu ya kila siku. Alisema dawa si ya mtu asiyeumwa, kifua kitaizoea kiwe kivivu. Mtoto alikuwa akikimbia kwa sababu ya dawa hiyohiyo, lakini nani wa kumwambia?

Halafu kuna ikome. Kila jioni kwao huwashwa moto wa samadi kavu mlangoni pa zizi. Moshi wake hufukuza mbu, na wanaume huuzunguka na watoto wao wa kiume, wakiwafunza mambo ya wakubwa. Mwanamke hakai pale. Mzee Nyanda, baba mkwe wa Kulwa, aliposikia mjukuu ameanza tena kukohoa, alisema ni baridi imemwingia, akamsogeza karibu zaidi na moto. Alimpenda sana mtoto yule. Nalisema hili nisije nikamwonea, ingawa natamani kumwonea.

Jioni moja ya mwezi wa sita Kulwa alikuwa kwangu, tunapepeta mchele. Kikohozi cha ng'ambo kikakatika ghafla. Akatupa ungo, akavuka mfereji, akapita katikati ya wanaume na kuumwagia moto ndoo ya maji ya ndama. Gideoni alikuwa ameinama, mbavu zinaingia ndani, hawezi kumaliza neno. Kulwa akampulizia ile pampu ya kifua kikibana kwa ile chupa huku bodaboda inatafutwa, akampeleka hospitali. Mtoto akapona.

Waliporudi, walikuta wazee wameshaitisha kikao. Kuzima ikome ni kuulaani mji mzima, walisema. Atoe mbuzi na aombe radhi. Nilikwenda, wala sikualikwa. Nilimngojea Justine amtetee mkewe. Justine aliangalia viatu vyake. Kulwa akapiga magoti, na Mzee Nyanda akamuuliza kama ana neno.

"Nimekosa, baba," akasema. "Naomba tu nirudishiwe ile pampu."

Pampu akarudishiwa. Moto nao ukawashwa palepale.

Jioni hiyo Kulwa alimtaka Gideoni abaki naye ndani. Mtoto ana miaka minane. Aliisukuma pampu pembeni, akasema vitu hivyo ni vya watoto wanaolelewa na wanawake.

"Mama, umenitia aibu mbele ya babu."

Akatoka kwenda kukaa na wanaume.

Kulwa akaja kwangu, akakaa kizingitini, uso ameuelekeza zizini. Nikaanza kuwatukana wanaume wa mji ule, mmoja baada ya mwingine, nikianza na Justine. Akanishika mkono, akaniomba ninyamaze, maana nikisema yeye hamsikii mtoto anavyohema.