Kisanduku Changu Kwenye Mchoro

Chama chetu cha wakulima wa korosho kina ofisi Kisarawe na ghala Kibaha. Meneja alipotaka kuunganisha kazi za pande zote mbili, alisema kwanza achorewe picha moja ya chama kizima: kila kazi na kisanduku chake, na mishale ya kuonyesha inatoka wapi na inakwenda wapi. Tukapewa mimi na rafiki yangu wa meza ya pili.

Nasema rafiki, maana wakati ule ndivyo nilivyomwita. Tulikula sahani moja. Michoro ya namna hiyo hakuijua, nikamfundisha, na sharti la kwanza nililompa ni kwamba hatuchori watu, tunachora kazi. Ukimchora mtu, nilimwambia, utaona haya kumfuta.

Kazi yangu mimi ilikuwa kusikiliza malalamiko. Mkulima wa Masaki, hii yetu ya mihogo na mikorosho, si ile ya wenye nazo wa Dar, akiona mzani umempunja alipanda bodaboda akaja kwangu. Nilimpa kiti, nikamwacha afoke mpaka apoe, ndipo nikapiga simu ghalani. Kisanduku hicho nilikichora katikati kabisa, kwa fahari.

Mchoro wa mwisho aliusafisha rafiki yangu kwenye kompyuta, akauchapisha. Siku ya kikao, kule Kibaha, akaubandika ukutani. Katikati palikuwa peupe. Mshale ulitoka kwa mkulima ukaenda moja kwa moja ghalani. Meneja akausifu kwamba unasomeka vizuri, kisha akaniambia tutazungumza kuhusu mkataba wangu. Kwa hiyo malalamiko ya mzani yatapokelewa na walewale wenye mzani, na hakuna aliyeliona hilo.

Nilimuuliza rafiki yangu kulikoni. Hakuinamisha hata macho.

"Dada, si ulinifundisha mwenyewe kwamba hatuchori watu?"

Iliniuma. Hadi leo nina hasira naye, na sitaki kujidai nimesamehe. Lakini kinachonikereketa zaidi ni safari ya asubuhi ile. Tulitoka Kisarawe pamoja, amenishikia kiti kwenye basi, tukagawana chapati. Mchoro alikuwa ameuviringisha ndani ya gazeti. Njia nzima niliupakata mimi, nikiogopa usije ukakunjika.