Donge la Utomvu wa Mbungo

Tangu mwezi jana, fundi baiskeli wa Makanyagio hurudi kutoka Mwamkulu na kipande cha mbungo, mmea wa porini ambao utomvu wake hukauka ukawa mpira. Hujipaka utomvu huo mkononi, husubiri ukauke, kisha huuviringisha taratibu huku amekunja uso, maana nywele za mkono zinang'oka nao. Kila siku donge linanenepa.

"Baba, uzee wote huo unatengeneza mpira wa kuchezea?" humtania Theopista, muuza chai jirani. Yeye hucheka puani tu.

Leo mama yake Theopista, aliyeteleza sakafuni mwezi jana, amekuja akijikongoja. Fundi akauchukua mkongojo wake, akaupindua, akalitoboa lile donge na kuivika ncha yake. "Haya mama, tembea. Hutateleza tena."

Theopista akautazama mkono ule wa fundi usio na nywele, utani ukamwishia.