Pipa la Dawa na Ng'ombe wa Garsen

Juzi pale Garsen nilimkuta mkulima aliyefunga pipa, pampu ya mkono na mpira mrefu juu ya lori lake dogo, apate kupigia pamba yake dawa ya wadudu. Akaujaribu mtambo kwa maji matupu. Kwa kiangazi hiki, ng'ombe waliokuwa wakipita wakaacha njia, wakaja kuuramba ule mpira.

"Ndugu, wafukuze!" mkulima akamwambia mchungaji wao.

"Si maji tu hayo?"

"Leo maji. Kesho sumu!"

Mchungaji akakuna kichwa. "Mimi nimesikia. Na hawa, nani atawaambia?"

Mkulima akauvuta mpira kwake, maji yakimmwagikia miguuni. Nami nikapanda basi langu bila kusikia jibu. Hivi unavyosoma, msomaji wangu, kesho ile imeshapita.