Maua Meusi ya Msahafu Wetu

Shangazi yangu wa Kasongo alibeba lawama moja tangu utotoni. Msahafu wa ukoo, ulioandikwa kwa mkono, una maua mekundu pembezoni, na kwenye kurasa mbili maua yalikuwa yamegeuka meusi. Ilisemwa yeye ndiye aliyeuacha wazi karibu na taa ya petroli, moshi ukayaharibu. Alikuwa tayari na wajukuu, lakini kaka yake, ambaye ni baba yangu, alikuwa hajamruhusu kuushika tena.

Kazi yangu ni kuchunguza rangi za kale. Likizo moja, nikiwa kwa baba huko Kasongo, nilikuta chembe ya ua jeusi imebanduka yenyewe, imelala kwenye mkunjo wa ukurasa. Baba akakubali niichukue.

Maabarani niliiweka chini ya hadubini ya leza, mwanga nikiupunguza sana, maana ukizidi huiunguza rangi. Leza ikaniingiza ndani ya chembe tabaka kwa tabaka, bila kuikata. Nilitafuta masizi. Hakuna! Punje zilikuwa nyeusi kwa nje tu. Ndani bado nyekundu. Rangi ile ilitengenezwa kwa madini ya risasi, na madini hayo hubadilika polepole kwa hewa na unyevu. Nilicheka peke yangu mpaka wenzangu wakaja kuchungulia.

Kupiga simu? Nilitaka kuuona uso wa shangazi. Nikasafiri hadi Kabambare, na kutoka hapo nikapanda pikipiki ya kwenda Kasongo, kompyuta yenye picha nimeifunga kifuani. Tulianguka kwenye matope mara mbili, na mara zote nikacheka. Dereva akaniuliza kama nina homa.

Nilipofika, shangazi alikuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo. Nikamwita baba kutoka nyumba ya jirani, nikawaonyesha picha.

"Papa, kama ingekuwa moshi, ungechafua hata karatasi. Karatasi iko safi. Rangi yenyewe njo ilijigeuza."

Baba akaisogelea kompyuta. "Basi haikukuwa taa?"

"Hapana."

Shangazi akauachia mchi. "Miaka yote ile!" Akapiga vigelegele, akachota sombe kinuni, akamrushia kaka yake. Baba, mtu mkali yule, akacheka mpaka kofia ikamdondoka.

"Mudogo wangu, unisamehe," Baba akamwambia.

"Yaya," akamjibu kaka yake mkubwa, "nitakusamehe kesho. Leo niache nicheke."

Baadaye Baba akauleta msahafu; shangazi alitawadha, akaufungua kwa mikono yake mwenyewe, akasoma. Majirani walikuja kuuliza ni arusi ya nani. Baba ndiye aliyewamiminia chai, jambo ambalo sikuwahi kuliona.