Mvumo Ulipoisha

Baba mdogo hufuta ncha ya waya wa faiba taratibu, kama anayemfuta mtoto pua, ndipo auchomeke kwenye mashine yake ya muziki. "Waya wa shaba huleta mvumo," hunihubiria. "Huu hupitisha mwanga tu."

"Sasa utasikia hadi mbu wa jirani, mzee," nami humtania.

Juzi mvumo ulikwisha kabisa. Akaweka wimbo ambao binti yake alimrekodi marehemu mama mdogo akiuimba huku anaosha vyombo. Kwa mara ya kwanza tukasikia, kwa mbali, sauti ya baba mdogo mwenyewe: "Nyamaza basi, mke wangu, nasikiliza redio." Wimbo ukakatika palepale unapokatika siku zote.

Asubuhi nilimkuta anarudisha waya wa shaba. Ncha yake hakuifuta.